Siku Walipompima Colby Stemler

Roscoe Pettway alizaliwa Gary, jimbo la Indiana, katika nyumba iliyokaa karibu sana na viwanda vya chuma. Mama yake alianika nguo ndani mwaka mzima, maana nje zingegeuka nyeusi. Baba yake alifanya kazi kwenye tanuri miaka thelathini na moja, na alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Wanawe aliwachapa kwa mkanda, na Jumapili moja alimpiga jirani kwa koleo la theluji mbele ya kanisa mpaka mashemasi wanne wakamshika. Roscoe alikua akijua kupigwa. Alipofikisha urefu wa futi sita na inchi saba, akajua na kupiga.

Katika mpira wa kikapu hakuwa na kipaji cha kutajwa. Hakuruka sana, hakurusha vizuri, na mpira mikononi mwake ulionekana kama mzigo wa mtu mwingine. Alichokuwa nacho ni mabega na viwiko. Miaka ile, katika ligi ndogo za Indiana na Ohio, kila kocha aliweka benchi mtu mmoja wa kazi hiyo. Mrushaji wa upande wa pili akianza kuingiza mfululizo, kocha alimtazama Roscoe tu. Roscoe alivua koti la mazoezi, akaingia, na baada ya dakika tatu mrushaji alikuwa ameshika mbavu au anatema damu. Alikula mkate kwa njia hiyo miaka sita.

Mwaka 1983, mjini Fort Wayne, alimpiga kiwiko mtu aliyeitwa Leon Haskew, wakati Haskew yuko hewani, mikono juu, hana pa kujikinga. Mfupa wa chini ya jicho ulipondeka. Roscoe aliusikia, mlio kama wa mtu anayetafuna barafu. Akafungiwa mechi mbili. Haskew hakucheza tena maisha yake yote. Roscoe alipokuwa akitolewa uwanjani, mashabiki wa timu yake walisimama wakampigia makofi, naye, Mungu amsamehe, akawapungia mkono.

Magoti yalipomwishia akageuka skauti, mtu wa kutafuta wachezaji. Miaka ishirini na sita alizunguka na gari lake kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, akikaa safu ya juu kabisa na daftari mapajani, akila sandwichi za nyama ya nguruwe iliyokaangwa na akina mama wa shule. Mkewe alichoka na safari hizo akaondoka bila ugomvi. Timu moja ya ligi kuu ilimwajiri na kumweka muda wote huo kwa sababu moja: Roscoe hakuwa mtu wa kusifu. Wengine waliandika kurasa kumi kuhusu kijana mmoja. Yeye aliandika nusu ukurasa, na mara nyingi nusu ukurasa huo ndio uliokuja kuwa kweli.

Majira ya baridi ya mwaka 2011 akamkuta Colby Stemler.

Colby alikuwa na miaka ishirini na mbili, mtoto wa mfuga nguruwe wa Mount Orrin, kusini kabisa mwa Indiana. Alikuwa anamalizia chuo kidogo ambacho hata watu wa jimbo lile walikuwa wakiuliza kiko wapi. Roscoe alikwenda kumwona mara moja, akarudi mara kumi. Tangu aanze kazi hakuwahi kuona mtupo kama ule. Mpira ulimfikia Colby na papo hapo ukawa umeshaondoka, bila kusita, bila kushushwa, na ukiondoka ulizunguka taratibu na kuangukia wavuni bila kugusa chuma. Alirusha akiwa amesimama, akiwa anakimbia, akiwa na mikono miwili ya adui usoni. Siku moja Roscoe alimhesabia mitupo arobaini ya mazoezi kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu. Alikosa mitatu.

Lakini ukiondoa mtupo, palikuwa na shida tupu. Miguu ya Colby ilikuwa mizito. Aliyemjia na mpira alimpita kama anapita mlango ulioachwa wazi. Mkono wa kushoto ulikuwa wa kushikia kijiko. Mpira ukigonga chuma na watu wakarukia, yeye alibaki chini akiangalia juu. Tena akisukumwa alijikunja, akaupeleka mwili pembeni. Roscoe akaandika: anarusha kuliko wote niliowaona, halindi, hadundi, harukii mpira, ni mlaini. Achaguliwe wa thelathini na tano, si kabla.

Mkuu wake, Hal Brandvold, hakutaka kusikia namba hiyo. Hal ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho siku ya drafti, siku timu zinapochagua vijana kwa zamu, na zamu yao mwaka ule ilikuwa ya kumi na saba. Alikuwa ameshampenda yule kijana. Akawaita watu wake wote mezani, akaisoma karatasi ya Roscoe kwa sauti, kisha akaiweka chini.

"Umeandika ni mlaini," akasema. "Umeona, au unajua?"

"Nimeona, bosi. Akiguswa anajikunja."

"Kule chuoni nani wa kumgusa? Watoto wa shule. Tafuta watu wamguse, tujue moja. Wewe kazi hiyo unaijua kuliko mtu yeyote humu."

Watu wakacheka. Roscoe naye akacheka kidogo, na jioni hiyohiyo akaanza kupiga simu. Kanuni za ligi hazikuruhusu kumpima kijana kwa kumletea watu wazima wa kulipwa, na mezani pale hakuna aliyezitaja.

Mtu wa kwanza aliyempata alikuwa Jerrod Mabry wa East Chicago, miaka thelathini na mbili. Alikuwa na kilo mia na kumi na nne, na alishacheza nchi tano kila mahali kwa mkataba wa miezi. Roscoe alimjua tangu sekondari. Alimchagua kwa sababu alikuwa mgumu, na kwa sababu alimwona kama yeye mwenyewe zamani. Wengine wawili walikuwa marafiki wa Mabry. Jumanne ya pili ya Juni, saa nne asubuhi, wakakutana katika ukumbi wa mazoezi uliofungwa milango. Roscoe akawaeleza pembeni: wambane, wamwonyeshe mwili, wasimwachie hatua moja ya bure. Ila akiwa hewani asiguswe.

"Hewani muache," akarudia. "Umenielewa, Jerrod?"

"Nimekuelewa, mzee."

Baadaye kidogo Roscoe akamwona Hal amemshika Mabry bega karibu na mlango, wanaongea vichwa vimekaribiana. Mabry aliitikia mara mbili na kutazama chini. Roscoe alijua kinachosemwa pale. Kwenye kambi ya mazoezi ya timu, mwezi Septemba, kulikuwa na nafasi moja, na Hal alikuwa anaitaja. Angeweza kwenda kuuliza. Alipanda kwenye viti vya juu, akakaa, akafungua daftari.

Colby aliingia akiwa amechomekea fulana, akawapa wote mkono, akamwita kila mtu bwana. Mpira ukaanza.

Mara ya kwanza aliporusha, Mabry alimtia bega kifuani baada ya mpira kutoka. Ukaingia. Mara ya pili goti la paja, na mguu ukafa ganzi, Colby akawa anauburuta. Ukaingia. Mmoja wa wale wawili akamngojea chini ya kikapu na kumpa ngumi ya figo, kwa ufundi, mkono ukiwa umefichwa kati ya miili. Colby akapiga magoti, akabaki hapo akitafuta pumzi, akainuka. Hal, kutoka kwenye viti, akasema waendelee.

Dakika ya kumi na mbili kiwiko kilimfika mdomoni. Jino la mbele likaruka, likateleza sakafuni mpaka karibu na mstari wa pembeni. Tabibu wa timu aliliokota kwa kitambaa akamtazama Hal. Hal akatikisa kichwa. Colby akajaza mdomo kwa taulo, akalitoa likiwa jekundu, akaomba mpira. Alirusha kutoka pembeni huku damu ikimtiririka hadi kifuani, na damu hiyo ikabaki kwenye mpira, na kila aliyeudunda akapata alama viganjani. Katika mitupo kumi na mitano aliingiza kumi na miwili.

Upande wa kulinda alikuwa vilevile. Mabry alimpita kulia, akampita kushoto, na alipochoka kumpita akamkanyaga tu, akamwangusha chali kwa bega, akapita juu yake.

Roscoe aliandika muda wote huo, na ndilo jambo lililomtesa zaidi baadaye kuliko yote aliyoyafanya. Kijana alikuwa anapigwa mbele yake, na kalamu haikutetemeka. Aliandika: miguu bado. Kushoto hakuna. Kisha akalifuta neno mlaini kwa mstari mmoja, maana alikuwa amekosea. Mtu aliyejikunja kule chuoni alikuwa anaokoa mtupo wake, basi. Hapa, alipoona hakuna pa kujikunjia, alisimama.

Hilo lilimtia Mabry wazimu. Nafasi ya Septemba ilikuwa inaponyoka mbele ya macho yake, kwa sababu kijana wa nguruwe hakutaka kusema basi. Colby akapokea mpira upande wa kulia, akaruka. Mabry akamwendea, akaweka mguu wake pale Colby atakapotua, na papo hapo akamzungushia kiwiko cha taya. Colby alianguka kutoka juu kama kitu kilichokatwa kamba. Kifundo cha mguu kikapinda juu ya kiatu cha Mabry, kichwa kikagonga sakafu. Mpira uliingia. Hakuna aliyeuangalia.

Mabry akamsimamia juu yake. Colby akainuka kwa mguu mmoja, taya limekaa upande, akamrushia ngumi ya kitoto iliyompata shingoni. Hapo ndipo wote watatu walipomvamia. Mabry alimpiga tatu za uso, moja baada ya moja, na alipoanguka wale wawili wakamfuata kwa mateke ya mgongo na mbavu. Ukumbi ule ulikuwa mtupu, na kila teke lilirudi kutoka ukutani.

Roscoe alikuwa na miaka hamsini na sita. Hakukumbuka kushuka ngazi. Alimkamata Mabry kwa nyuma ya shingo, akamgeuza, akampiga. Mabry akaanguka, Roscoe akamfuata chini, akampiga tena, na tena, kwenye pua na mashavu, kwa uzito wake wote. Mkono wake wa kulia ukavunjika kwenye mfupa wa paji la Mabry, na aliendelea kupiga na mkono huohuo uliovunjika. Kulikuwa na raha ndani yake. Mabega yalikumbuka. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amejiambia yule mpigaji aliyekuwa yeye kule Fort Wayne ameshakufa, kumbe alikuwa amekaa tu anangoja kuitwa. Watu wanne walimvuta, na alipovutwa bado alikuwa anapiga hewa.

Mabry akajiinua kwenye kiwiko. Uso wake haukutambulika.

"Si wewe uliyenileta, mzee?" akasema.

Roscoe akakaa sakafuni kwenye damu ya watu wawili, ameshika mkono wake, mpaka gari la wagonjwa likaja.

Taya la Colby lilikuwa limevunjika mahali pawili, likafungwa kwa nyaya. Mshipa wa kifundo ulichanika, na mbavu mbili zikapata ufa. Siku ya pili Hal alimwita Roscoe ofisini akamwambia kijana alitua vibaya mazoezini, ajali ya kawaida, na kila aliyekuwepo atatia sahihi. Roscoe akaomba karatasi. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa za kitoto, nani aliitwa, nani aliwaita, nani alisema waendelee. Jina lake aliliweka la kwanza. Nakala moja aliiacha mezani kwa Hal na nyingine aliipeleka ligi. Kabla ya saa sita alikuwa hana kazi.

Jumamosi akaendesha kwenda Mount Orrin, saa tano za barabara, mkono mmoja kwenye usukani. Hakupiga simu kwanza. Aliogopa akiambiwa asije, atafurahi.

Verlin Stemler, baba yake Colby, alikuwa anaosha zizi kwa mpira wa maji. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye mikono ya kunyanyulia nguruwe. Akauliza huyu ni nani. Roscoe akasema jina lake, kisha akasema alichokuja kusema.

"Watu waliompiga mwanao, mimi ndiye niliyewachagua."

Verlin akafunga bomba. Akauweka mpira wa maji chini taratibu, akamwendea, akampiga ngumi ya uso iliyompasua nyusi. Roscoe akabaki amesimama. Ya pili ilimpata tumboni, ya tatu sikioni, naye akaanguka kwenye matope ya zizi. Hakuinua mkono, si ule wenye plasta wala ule mzima. Verlin akampiga mateke ya ubavu, buti la mpira, bila kusema neno, akihema. Kisha akashika koleo lililokuwa limeegemezwa kwenye uzio, akalinyanyua juu ya bega. Roscoe aliliona likienda juu, akafumba macho.

"Verlin," akasema mwanamke kutoka mlangoni. Alikuwa Lorene, mkewe. "Imetosha."

Koleo likabaki juu kitambo. Verlin akalitupa upande wa pili wa uzio.

"Inuka," akasema. "Nguruwe wamekuangalia vya kutosha."

Walimkalisha jikoni. Lorene akamfungia barafu kwenye taulo bila kumtazama machoni. Colby alikuwa mwisho wa meza, uso wa zambarau na njano, mguu juu ya kiti, anavuta supu kwa mrija. Aliutoa mrija mdomoni. Kisha akauliza, meno yamefungwa, maneno yakitoka kama kupitia ufa wa ukuta:

"Ungeniandika wa ngapi?"

"Wa thelathini na tano."

"Wao walisema wa kumi na saba."

"Waliupenda mtupo wako. Mimi naupenda kuliko wao. Lakini kokote utakakokwenda watakutafuta ukiwa unalinda. Watakuletea mtu mmoja baada ya mwingine, kila jioni, mpaka kocha wako akuone mzigo akurudishe benchi. Miguu yako ni mizito, kijana. Mkono wa kushoto huna. Niliandika pia kwamba ni mlaini, na hilo nilikosea. Mengine sikukosea."

Verlin, aliyekuwa ameegemea sinki, akamwuliza kama hana haya, kuja kumwambia mtoto maneno hayo na hali aliyonayo. Roscoe akasema haya anazo, ila uongo ungekuwa kipigo kingine.

Colby akavuta supu. "Kipi kinafundishika?"

"Miguu, kidogo sana. Mkono wa kushoto, ukiwa na subira. Kutua kunafundishika. Na kujikinga na watu kama mimi."

Drafti ilifika akiwa bado na nyaya. Timu zilikuwa zimesikia kuna kijana aliyepigana, na baadhi zilisikia zaidi ya hapo. Walichaguliwa sitini, yeye hakutajwa. Lorene alizima televisheni, na Verlin akatoka nje akavunja mlango wa banda kwa teke.

Nyaya zilipotolewa, Roscoe alikodi chumba juu ya duka la zana pale Mount Orrin, na kuanzia Agosti mpaka Machi walifanya kazi kwenye banda la mahindi, sakafu ya saruji, kikapu kimoja. Roscoe alivaa godoro dogo kifuani akamgonga. Alimfundisha kubana kidevu, kukunja magoti kabla ya kugusa chini, kuanguka kwa ubavu. Alimwonyesha kiwiko kinavyofichwa, kinaanzia wapi, bega gani hushuka kabla hakijaja. Kila kitu alichowahi kumfanyia mrushaji alikitoa, kimoja kimoja, mbele ya baba wa mrushaji. Maana Verlin hakukosa siku. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono amekunja, anamtazama Roscoe, hamtazami mwanawe. Kwa miezi minane hakumsemesha.

Colby alikwenda Lithuania mwaka mmoja, akarudi, timu moja ya magharibi ikamchukua. Alicheza ligi kuu misimu mitano, akitokea benchi. Alirusha kama alivyorusha. Aliposimama kulinda walimfuata kama Roscoe alivyosema, na kuna mechi alitolewa baada ya dakika mbili, lakini pua yake ilivunjwa mara moja tu. Hal Brandvold aliachishwa kazi na ligi mwaka mmoja baada ya kipigo kile. Mabry alipoteza nafasi ya Septemba na sehemu ya uwezo wa kuona wa jicho la kulia. Roscoe alikwenda East Chicago mara nne kugonga mlango wake. Alisikia televisheni ndani, na mlango haukufunguliwa.

Roscoe alikufa mwaka 2019, moyo, kwenye ngazi za nyumba yake Gary. Colby alisafiri akalibeba jeneza, bega la mbele kushoto. Verlin ndiye aliyemwendesha kutoka Mount Orrin, lakini ndani ya kanisa hakuingia. Alikaa kwenye pikapu upande wa pili wa barabara, vioo vimefungwa, kofia ameivua ameiweka magotini, mpaka walipotoka.